Hondohondo wa Dirisha la Mkuu

Tangazo lilibandikwa ubaoni kwa pini nne, kana kwamba lilikuwa na mpango wa kutoroka. "Ndege anayegonga dirisha la ofisi ya Mkuu aondolewe kabla ya wiki kwisha. Watumishi wote watoe ushirikiano." Chini yake sahihi ndefu, na muhuri, tena muhuri wenyewe umegongwa mara mbili. Mama Kioo alilisoma akiwa na ndoo mkononi, akalirudia, damu ikamchemka hata asione kwamba maji yalikuwa yanamwagikia kiatuni.

Muhuri mara mbili, kwa ajili ya ndege. Na watu waliokaa kwenye benchi la nje walikuwa wanaungoja muhuri huo huo tangu mvua zilizopita. Ofisi ile ilikuwa ya ramani na viwanja. Mtu anakuja asubuhi na faili kwapani, anaketi, mchana anaambiwa Mkuu ana kikao, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo anakuja, anaambiwa njoo wiki ijayo. Palikuwa na mzee mmoja wa koti la kahawia aliyeambiwa hivyo mara nyingi mpaka wenzake wa benchini wakambandika jina la Wiki Ijayo, naye akaliitikia bila kinyongo, maana angalau hilo alikuwa amelipata.

Mama Kioo naye jina lake alipewa na kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha madirisha ya jengo lile kwa maji ya siki na gazeti kuukuu, akimalizia kwa kitambaa kikavu cha pamba, na hakuna aliyewahi kukuta alama ya kidole mahali alipopita yeye. Wenzake walimtania kwamba hata nzi wa pale wamejifunza kupiga hodi. Alikuwa anajivunia kazi hiyo, na hakuona sababu ya kuficha.

Kilichomtia hasira kwenye tangazo lile ni kwamba yeye alijua ndege yule ni baba wa nani.

Kwenye ngazi za kupandia ghorofani kulikuwa na dirisha dogo linalotazama mkuyu wa uani. Miezi miwili nyuma, akiwa analifuta, Mama Kioo aliona hondohondo wawili wakikagua tundu kwenye shina, mke akiingiza kichwa, akitoa, akiingiza tena, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga na hataki kudanganywa. Mume alingoja tawini na domo lake kubwa la rangi ya chungwa. Siku chache baadaye mke aliingia mzima mzima na hakutoka. Mume akawa analeta udongo mdomoni, na mke akiwa ndani anaupokea, anauchanganya na kinyesi chake na makombo, anakandika. Akakandika mlango wote mpaka ukabaki ufa mwembamba, unaotosha ncha ya mdomo tu.

Mume wa Mama Kioo, ambaye ni mwashi na mtaa mzima humwita Fundi, alikuja kumchukua mkewe jioni moja akaoneshwa. Alisimama chini ya mkuyu akitazama juu kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Plasta hiyo haina ufa hata mmoja," alisema. "Mimi vijana wangu nawapa saruji nzuri kabisa, na bado ukuta unapasuka."

"Na amefanya peke yake, amefungiwa gizani."

"Na wewe nikufungie hivyo nikuletee chakula, mke wangu?"

"Wewe siku ya mechi ungenisahau, wangekuja kunikuta mifupa."

Fundi alicheka, hakubisha, maana alijijua.

Mzee wa Ramani, mchoraji wa chumba namba sita aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, ndiye aliyemweleza mengine. Alikuwa amekulia porini, kwenye kambi za wapima ardhi, na ndege aliwafahamu. Alimwambia kwamba mama yule akishajifungia, manyoya yake ya kurukia hung'oka karibu yote kwa mpigo, akabaki hawezi hata kufika tawi la pili. Analalia mayai humo, anaangulia humo, na kila anachokula yeye na watoto kinapita kwenye ufa ule kutoka kwenye mdomo wa mume. Halafu akamwambia jambo lililomgusa Mama Kioo kuliko yote: kwamba wakati wote huo mama hutoa kinyesi chake kwa kulenga ufa, akakirusha nje, na kuwafundisha watoto vivyo hivyo, ili ndani pakae safi. Mama Kioo alitoka chumba namba sita akiwa amempata mfanyakazi mwenzake.

Tangu hapo akawa anahesabu. Baina ya saa mbili na saa tatu asubuhi, mume alikuja mara kumi na tatu. Panzi, kuyu zilizoiva, mjusi mmoja mdogo, tena panzi. Alikuwa amekonda, bawa moja limechakaa, na hakuonekana kula kitu yeye mwenyewe. Wiki ya sita sauti nyembamba zikaanza kusikika ndani ya shina kila alipotua, na zile mara kumi na tatu zikawa ishirini.

Sasa, wakati huo huo Mkuu alikuwa amebadilisha kioo cha ofisi yake. Aliweka kile cha giza, kipana, cha ukuta mzima na kisichofunguka, ambacho aliye ndani anakuona vizuri na wewe uliye nje unajiona mwenyewe. Hakutaka watu wa benchi wamwone kama yupo au hayupo. Hondohondo alipopita mbele ya kioo kile akaona dume mwingine, mwenye domo kubwa vilevile na hasira vilevile, mita thelathini tu kutoka kwa mke wake asiye na manyoya. Angefanya nini? Akatua kwenye zege lililofunika kibaraza, akamgonga yule mwingine. Yule mwingine naye akamgonga. Kila asubuhi, ko ko ko, dakika kumi, kisha anakwenda kutafuta panzi.

Watu wa benchi walimpenda. Wiki Ijayo alisema huyo naye faili lake limepotea. Mwanamke mwenye mwavuli mweusi akasema bora yeye, anagonga na Mkuu anasikia. Siku moja mgeni kutoka makao makuu aliyasikia maneno hayo akipita, akacheka mpaka akashika ukuta, na alipofika ghorofani akamuuliza Mkuu kama ndege wa pale nao wana malalamiko. Tangazo lenye pini nne lilitokana na kicheko hicho. Ndege alihukumiwa kwa sababu mtu mzima alichekwa.

Mama Kioo alipanda ngazi, akagonga mlango, akaingia.

"Mkuu, naomba dakika moja."

Mkuu hakuinua macho. Alikuwa na umri wa mtoto wa pili wa Mama Kioo, na shikamoo hakuwahi kumpa hata siku moja. "Umesahau kumwaga taka?"

"Nimemwaga. Nimekuja kwa ajili ya yule ndege. Hana ugomvi na wewe. Anajiona kwenye kioo, anadhani ni dume mwingine kaja kumwingilia nyumba yake."

"Wewe mama, umesomea ndege?"

"Sijasomea. Nimetazama. Mke wake yuko ndani ya mkuyu, amejifungia na watoto, kuruka hawezi. Huyu ndiye anayewalisha. Ukimwondoa utakuwa umewaua wote. Niruhusu nipake sabuni kwa nje, wiki tatu tu. Asipojiona hatagonga."

"Unataka wageni waseme ofisi yangu chafu?"

"Wiki tatu, Mkuu."

"Rudi ukatazame sakafu," alisema, akafungua jalada ambalo halikuwa na kitu ndani. Mama Kioo aliliona kwamba halina kitu, na kwa namna fulani hilo lilimuuma kuliko jibu.

Njiani akishuka, aligundua jambo jingine, akakaa kwenye ngazi. Nani aliyekuwa akifuta kioo kile kila siku saa moja asubuhi? Ndege alikuwa anakichafua kwa mate na vumbi la mabawa yake. Angeachwa, ndani ya siku tatu adui yake angekuwa amefifia na kupotea. Ila kila asubuhi Mama Kioo alitoka na siki yake na gazeti lake, akamrudisha adui yule akiwa mpya, anang'aa, bila alama ya kidole. Alishika tama, akajisikia mjinga wa miaka kumi na tisa.

Hakuomba tena ruhusa. Mchana ule ule alipita kwenye dirisha la ukumbi, akatoka juu ya zege la kibaraza wakati Mkuu amekwenda kula, akakipaka kioo povu jepesi la sabuni ya mche na kuliacha likauke. Kwa ndani mwanga ulipungua kidogo tu. Jumanne ndege alikuja, akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande huu, hakumwona mtu. Akaenda kwenye panzi wake. Jumatano hakuja kabisa dirishani. Siku hiyo Mama Kioo alihesabu safari ishirini na sita kwenye mkuyu kabla ya saa nne, akasema moyoni kwamba mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Jumatano jioni Mkuu alikuwa anapanda gari, akainua macho kuona kioo chake, akaona wingu jeupe. Aliagiza Mama Kioo aitwe. Hakumkaripia, na afadhali angemkaripia. Alimwambia kwa upole kwamba ana barua mbili mezani, moja ya onyo na moja ya kumwachisha kazi, na kwamba anangoja kuona kioo kikiwa safi ili ajue aitie sahihi ipi au asitie yoyote. Kisha akaegemea gari, akakunja mikono.

Na Mama Kioo akapanda, akakifuta. Hapo ndipo alipojichukia, na hasira hiyo alikaa nayo muda mrefu kuliko hasira yake kwa Mkuu. Alifuta kwa siki na gazeti, akamalizia kwa kitambaa kikavu, na mkono kwa mazoea yake ukafuta vizuri, haukuacha hata kona. Alipomaliza alijiona mwenyewe pale kiooni, mwanamke mwenye kitambaa mkononi, akageuza uso.

Alhamisi saa mbili ndege alimkuta adui yake amerudi. Ko ko ko. Mlinzi, ambaye alikuwa amejilaza pale juu ya zege tangu alfajiri kwa amri ya Mkuu, akamrushia chandarua kuukuu. Mama Kioo alisikia vurumai akiwa chini, akapanda mbio, akamkuta Mlinzi anafunga boksi la karatasi za printa kwa kamba.

"Nimetumwa tu, mama," Mlinzi alisema. "Na mimi nina barua yangu mezani."

"Unampeleka wapi?"

"Dereva anakwenda kumwacha ng'ambo ya machimbo ya mawe. Nimekataa kumuua. Hilo nimekataa."

Alisema hivyo kama mtu anayengoja ashukuriwe. Mama Kioo hakumshukuru. Ng'ambo ya machimbo ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Dereva aliporudi alikuwa na kitambaa kidoleni, akasema kamwachia akiwa hai, ila unyoya mmoja mrefu wa mkia umebaki kwenye boksi, kama kuna mtu anauhitaji.

Kufikia saa sita mkuyu ulikuwa unalia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Sauti za watoto, ambazo zilizoea kupanda na kushuka kila baada ya dakika chache, zilipanda zikabaki juu. Ncha ya mdomo wa mama ilikuwa imetokeza kwenye ufa, inafunguka na kufumba bila kutoa sauti. Wafanyakazi walipita chini yake kwenda kula. Wengine walisema masikini. Mtu anaweza kusema masikini huku anakwenda kula wali, na wala sauti yake haibadiliki.

Mama Kioo alimpigia Fundi simu. "Njoo na ngazi."

"Ngazi iko kazini, niko juu yake."

"Shuka."

Fundi alikuwa ameishi na mkewe muda wa kutosha kuijua sauti ile. Alishuka. Saa nane alikuwa ameegemeza ngazi yake kwenye mkuyu, akaishikilia, na mkewe akapanda na bakuli la kuyu na vipande vya papai. Mdomo ulimchoma mkono mara ya kwanza mpaka damu ikatoka. Mara ya pili ulipokea. Mama Kioo alisikia tunda likipita kwenda ndani, kisha vurugu ya watoto, kisha mdomo ukarudi ufani.

"Wanataka nyama hao," alisema Mzee wa Ramani, aliyekuwa ametoka chumba namba sita na kalamu bado sikioni. "Watoto hawakui kwa matunda matupu. Panzi."

Wiki Ijayo ndiye aliyeinuka kwanza benchini. Aliweka faili lake chini, akavua koti la kahawia, akaenda kwenye majani marefu ya nyuma ya uzio. Mwanamke wa mwavuli akamfuata, akaufungua mwavuli na kuugeuza juu chini uwe chombo. Ndani ya nusu saa benchi zima lilikuwa majanini, watu wazima wenye viatu vya ofisini, wanainama na kuruka. Walikuwa wamekaa pale miezi bila kufanya kitu chochote cha maana, na sasa walikuwa wanagombea panzi kwa bidii iliyomshangaza hata Fundi.

Ijumaa Mama Kioo alikabidhiwa barua. Ilikuwa ile ya onyo, na kosa liliandikwa kuwa ni "kuegemeza ngazi isiyo mali ya ofisi kwenye mti ulio mali ya ofisi." Aliikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akapanda ngazi isiyo mali ya ofisi na panzi arobaini. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hakupaswa kuwepo, alikuwepo. Fundi alikosa mechi, na alilisema jambo hilo mara tatu, lakini ngazi hakuiachia. Hata hivyo mkono wa mtu si mdomo wa ndege. Jumapili jioni sauti ndani ya shina zilikuwa mbili, na Mama Kioo alikuwa na hakika kwamba mwanzoni zilikuwa tatu. Alishuka, akaketi kwenye kipago cha chini, akalia kwa hasira, na Fundi hakumwambia anyamaze.

Jumatatu alifika saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa bado getini aliposikia mkuyu. Sauti zilipanda, zikashuka. Alisimama. Zikapanda tena, zikashuka, na hakukuwa na mtu yeyote juu ya ngazi.

Alikuwa pale ufani, ameng'ang'ania gome, mkia wake una pengo, amekonda mpaka domo limeonekana kubwa kuliko yeye. Siku nne alikuwa anaitafuta nyumba yake. Alitoa kuyu moja kooni, akaipenyeza, akatoa nyingine, akaipenyeza, akatoa nyingine. Mama Kioo alihesabu saba. Kisha ndege akaruka kwenda majanini, na njia yake ilipita mbele ya jengo, na jua lilikuwa linaanza kukipiga kile kioo.

Mama Kioo hakukimbia. Alikwenda stoo akachukua beseni, mche mzima wa sabuni, na maji kidogo. Watu wa benchi walikuwa wameshaanza kufika na walimwona akitokea kwenye dirisha la ukumbi, akisimama juu ya zege mbele ya kioo kilichokuwa na sura yake. Chini, Mkuu, ambaye siku hiyo aliwahi, alikuwa ameingia mlangoni dakika tano zilizopita. Kila mtu alijua yumo ndani mle, na yeye Mama Kioo alijua kuliko wote.

Alipaka. Mara hii hakupaka povu jepesi. Alipaka uji mzito wa sabuni kwa viganja vyote viwili, kutoka kona hadi kona, alama za vidole kumi zikibaki kila mahali, na alama za vidole hivyo zilikuwa za kwanza kuachwa naye kwenye dirisha la jengo lile. Alimfuta yule mwanamke wa kitambaa kwanza, kisha mkuyu, kisha mbingu. Hondohondo alirudi na panzi mdomoni, akapita nyuma ya bega lake, hakumwona adui yeyote, akaenda moja kwa moja kwa mkewe.

Ndipo kioo kikaanza kugongwa kutoka ndani. Ko ko ko. Kilikuwa kizito, hakifunguki, na maneno hayakupita. Ikapita milio ya kugonga tu, ikazidi, na kwenye weupe wa sabuni kikaonekana kivuli cha kiganja.

Mama Kioo alichovya mikono kwenye beseni, akaendelea na kona ya chini.

Benchini, Wiki Ijayo alifunga kifungo cha koti lake, akasikiliza kidogo, akainua kichwa.

"Mwambie aje wiki ijayo," alisema.